Taa ya Injini si Hukumu: Barua ya Wazi kwa Wenye Gereji na Wawakilishi Wadi wa Kwale

Kwa waheshimiwa wawakilishi wadi katika Bunge la Kaunti ya Kwale. Na kwa wenye gereji na mafundi wakuu wa Ukunda, Diani na Msambweni, hasa wale waliobandika mlangoni tangazo la kupima magari kwa kompyuta.



Taa ya injini, ile ya manjano yenye umbo la injini kwenye dashibodi, huwaka pale kompyuta ya gari inapopata kipimo kisicholingana na inachokitarajia. Haitaji kifaa kilichokufa. Husema tu kwamba kati ya vipimo inavyovipokea kila wakati (hewa inayoingia, joto la maji, mzunguko wa kranki, hali ya moshi unaotoka) kimoja kimevuka mipaka yake. Baina ya taarifa hiyo na spea ya kununuliwa kuna kazi ya kupima, na kazi hiyo ndiyo mwenye gari anayoilipia anapoingia kwenye gereji iliyojitangaza kuwa ya kitaalamu. Katika gereji nyingi za Pwani ya Kusini kazi hiyo haifanyiki, ingawa malipo yake huchukuliwa. Malalamiko na hoja zake ni hizi.

1. Mashine husoma, anayepima ni fundi.

Chini ya usukani wa karibu kila gari dogo linalopita barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga mna tundu la pini 16. Halikuwekwa hapo kwa hisani ya watengenezaji. Liliwekwa kwa sababu ya moshi: Marekani ilililazimisha kila gari jipya la abiria, kuanzia toleo la 1996, lijichunguze lenyewe na kuwasha taa likianza kuchafua hewa kupita kiasi, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Japani, ambayo watengenezaji wake huuza pande zote hizo, ikashika njia hiyo hiyo. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililopita umri wa miaka 8, mitumba inayoshuka bandarini Mombasa siku hizi inakuja na tundu hilo, iwe Vitz, Note, Demio au Probox. Toyota kuukuu ya miaka ya 1990 ina njia yake: fundi huunganisha pini za TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha huhesabu taa inavyomemeta. Wazee wa kazi hii wanaijua njia hiyo, na wengi wao hupima vizuri kuliko vijana wenye tabuleti.

Skana, yaani mashine ya kusomea, ikichomekwa kwenye tundu hilo hutoa msimbo, yaani herufi moja ikifuatwa na alama nne. P ni injini na gia, C ni breki na chasisi, B ni bodi pamoja na mifuko ya hewa ya usalama, U ni mawasiliano baina ya kompyuta za gari. Tarakimu inayofuata herufi ikiwa 0, msimbo ni wa magari yote; ikiwa 1, ni wa mtengenezaji huyo peke yake. Hapo ndipo skana ya bei nafuu inapoishiwa. Husoma misimbo ya P0 vizuri, lakini taa ya breki za ABS au ya mifuko ya hewa ikiwaka haina la kusema, na fundi asiyependa kukiri hilo humwambia mteja kwamba kompyuta haikuona kitu.

Msimbo ni kama mlalamishi aliyefika kwa mzee wa mtaa: husema alichokiona, pengine amekiona vibaya, na mzee hahukumu kabla ya kuusikia upande wa pili. P0171 husema kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli inayostahili. Gereji ya kubahatisha hukimbilia kubadilisha sensa ya oksijeni, ilhali sensa hiyo ndiyo iliyotoa taarifa, na huenda imesema kweli. Hewa inaweza kuwa inapenya kwenye mpira uliopasuka nyuma ya kichujio. Sensa ya hewa inaweza kuwa imeshika vumbi, nalo vumbi la barabara za ndani kuelekea Kikoneni si la kubeza. Pampu ya petroli inaweza kuwa imechoka na kushindwa kufikisha presha. Makosa matatu, msimbo mmoja, na kila kosa lina kipimo chake.

Mfano ulio wazi zaidi ni P0301, unaosema silinda ya 1 inakosa kuwaka. Fundi anayejua huandika msimbo, hutoa koili ya silinda ya 1 na kuibadilishana nafasi na ya silinda ya 3, hufuta msimbo, kisha huliendesha gari. Ukirudi P0303, koili ni mbovu na ushahidi upo mkononi. Ukirudi P0301 ule ule, koili ni nzima. Zamu ni ya plagi, ya nozeli, au ya mgandamizo wa silinda yenyewe. Kwenye gari dogo la kawaida kazi yote hiyo huhitaji spana ya namba 10 na subira kidogo. Hata hivyo wenye magari huambiwa wanunue koili zote nne kwa mkupuo, taa huzimwa kwa skana, na baada ya siku chache taa inarudi kwa sababu iliyokufa ilikuwa nozeli.

2. Ushahidi hufutwa kabla haujaandikwa.

Kompyuta inapohifadhi msimbo, huhifadhi pia hali ya gari wakati huo: mwendo, mzunguko wa injini, joto la maji, uzito wa kazi iliyokuwa ikifanywa. Gari lililokosa nguvu likipanda kutoka Kombani kwenda mji wa Kwale, injini ikiwa imeshapata moto, lina tatizo tofauti na lile lililotetemeka alfajiri kabla halijatoka uani. Kumbukumbu hiyo huonyesha tofauti hiyo. Fundi akibonyeza kufuta, au akichomoa betri ili aone kama taa itazimika, kumbukumbu hupotea pia, na anayefuata hana pa kuanzia.

Ufutaji huu una matumizi mabaya zaidi sokoni. Gari linaloonyeshwa kwa mnunuzi asubuhi, misimbo yake ikiwa imefutwa usiku, halitawasha taa mpaka liendeshwe vya kutosha kompyuta imalize majaribio yake ya ndani. Skana yenyewe huonyesha kama majaribio hayo yamekamilika. Yakiwa hayajakamilika kwenye gari ambalo muuzaji anasema analiendesha kila siku, mnunuzi ana haki ya kuuliza. Kuna hata wanaong'oa globu ya taa au kuifunika. Ufunguo ukizungushwa kabla ya kuwasha injini, taa zote za onyo hupaswa kuwaka kwa muda mfupi. Isiyowaka wakati huo imenyamazishwa au imeungua.

3. Kung'oa thamosteti kumegeuzwa tiba.

Hoja inayosikika gereji baada ya gereji ni kwamba thamosteti ni ya nchi za baridi na Pwani ina joto la kutosha. Haina msingi. Joto la mchana Diani huwa nyuzi 30 hivi; injini ya petroli imeundwa ifanye kazi karibu na nyuzi 90, na thamosteti za Toyota nyingi ndogo huanza kufunguka kwenye nyuzi 82. Baina ya 30 na 90 kuna safari ndefu, na kifaa hicho ndicho kinachoifupisha. Kikiondolewa, maji huzunguka bila kizuizi tangu gari linapowashwa. Injini huchelewa kupata moto, na kwenye mwendo wa kasi pengine haipati kabisa. Kompyuta huiona bado ni baridi, hivyo huendelea kuongeza petroli. Oili nayo haipati joto la kutosha kutoa unyevu wake. Baadaye msimbo P0128 hujitokeza: maji hayafiki joto linalotakiwa. Mwenye gari hurudi gereji akilalamikia ulaji wa mafuta, na hapo huuziwa sensa.

Vitz na magari mengine kadhaa ya aina hiyo hayana mshale wa joto. Yana taa ya buluu injini ikiwa baridi, na nyekundu ikichemka. Taa ya buluu isiyozimika kutoka Ukunda mpaka Msambweni ni dalili ya ugonjwa, lakini dereva huambiwa ashukuru kwa kuwa gari halichemki.

Swali ambalo lingepaswa kuulizwa mwanzo ni kwa nini lilichemka. Mara nyingi jibu liko kwenye maji yenyewe. Visima vingi vya ukanda wa Tiwi na Diani vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na karibu na ufuo maji yake yana chumvi. Yakitiwa kwenye rejeta mwaka baada ya mwaka, mahali pa maji maalumu ya rejeta, huacha gamba na kutu. Njia nyembamba huziba na pampu ya maji hulika. Mara nyingine jibu ni feni. Gari linalochemka kwenye foleni ya feri ya Likoni na kupoa likishika mwendo kuelekea Waa lina kasoro ya feni, kwa kuwa likisimama feni ndiyo tegemeo lake pekee la upepo. Linalochemka likienda kasi au likipanda mlima, huku likitulia mjini, lina kasoro ya mzunguko wa maji au rejeta iliyoziba. Swali moja kwa dereva lingewatenganisha wagonjwa hawa wawili. Badala yake thamosteti hutupwa, feni huunganishwa moja kwa moja na swichi izunguke saa zote, na gari hutoka likiwa na makosa mawili mapya juu ya lile la zamani.

4. Chumvi ya hewani haipimwi.

Magari yanayolala karibu na ufuo wa Diani, Gazi au Shimoni hupigwa na upepo wa bahari usiku kucha, na kwa gari la siku hizi pa hatari zaidi ni kwenye viungo vya waya. Kutu ya kijani ndani ya soketi, au waya wa ardhi uliolegea kwenye bodi, hupunguza umeme unaofika kwenye sensa, na sensa nzima hutoa kipimo cha uongo. Ndiyo sababu gari moja huonyesha misimbo mitano isiyohusiana kwa mara moja. Sensa tano hazifi siku moja. Kinachokufa siku moja ni waya zinazoshirikiana, au betri.

Kipimo chake ni cha mita ya kawaida ya umeme, ambayo fundi wa waya yeyote anayo. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 hivi; injini ikizunguka, altaneta nzuri huleta kati ya 13.5 na 14.5. Ikipatikana 12 huku injini inanguruma, hakuna haja ya kujadili sensa kwanza. Kisha mita huwekwa baina ya kichwa hasi cha betri na bloku ya injini wakati wa kupiga stata: ikisoma zaidi ya sehemu chache za kumi za volti, waya wa ardhi una kutu. Gereji ambayo haijafanya vipimo hivi viwili haijaanza kazi, hata kama tabuleti yake ina rangi nzuri. Kuosha injini kwa maji ya presha kabla ya kuuza gari, desturi iliyoenea, huongeza tatizo hili kuliko inavyodhaniwa.

5. Nyekundu na manjano huchukuliwa sawa.

Taa ya manjano husema gari lipelekwe kuchunguzwa. Nyekundu husema lisimamishwe. Taa nyekundu yenye umbo la birika la mafuta haimaanishi oili imepungua kidogo. Humaanisha presha ya oili imeshuka, na injini ikiendelea kuzunguka, beringi za kranki husagika kwa muda mfupi sana. Madereva huambiwa na mafundi wao waongeze oili na kuendelea kuendesha mpaka gereji. Hilo ni kosa la gereji, maana dereva anarudia alichofundishwa. Taa ya manjano ya injini nayo ina hali yake ya dharura: ikimemeta badala ya kuwaka tu, petroli isiyoungua inaingia kwenye katalisti na kuiunguza.

6. Katalisti hukatwa na kuuzwa.

Ndani ya katalisti, kile chombo cha kusafisha moshi kwenye bomba, mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na kuna wanaozinunua kwa kilo. Mwenye gari lenye msimbo P0420, ulio wa katalisti, huambiwa kwamba chombo hicho kinabana injini, kisha chombo hukatwa na bomba tupu kuchomelewa mahali pake. Chuma kilichotolewa hakirudi kwake, wala bei yake haitajwi. Ili taa isiwake, sensa ya nyuma hurudishwa mbali na moshi kwa kipande cha chuma. P0420 ingeweza kutokana na bomba lililotoboka kwa kutu, au na plagi zilizokuwa zikikosa moto kwa miezi na kuiua katalisti. Sababu hizo hubaki pale pale. Kati ya malalamiko yote, hili ndilo lililo karibu zaidi na wizi.

7. Petroli.

Hili ni fupi. Mwaka 2018 Serikali ya taifa iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua faida ya kuyachanganya na mafuta ya magari. Injini inayogonga na kukosa moto baada ya kujazwa mahali fulani huenda imepewa mchanganyiko huo, hivyo inastahili kwanza kuchukuliwa sampuli ya mafuta. Hilo hufanywa mara chache.

8. Hakuna anayelipia kupima.

Haki inataka upande wa fundi usemwe. Mteja wa Pwani ya Kusini hulipa kwa moyo spea anayoishika mkononi, lakini akiambiwa fundi ametumia saa mbili na mita akagundua waya mmoja wenye kutu, huuliza analipa nini na hakuna kilichobadilishwa. Fundi amejifunza kutokana na swali hilo. Kipato chake amekihamishia kwenye spea, pamoja na kamisheni ya duka linaloiuza, na tangu hapo kupima kukawa hasara kwake: anayegundua kosa la shilingi mia moja hulala njaa, na anayebadilisha sensa tatu hula vizuri. Duka nalo halirudishi spea ya umeme ikishafunguliwa. Hasara yote ya kubahatisha humwangukia asiyeshika spana. Ukali wa barua hii dhidi ya mafundi una mpaka hapo, kwa sababu mpangilio wa malipo ndio unaozaa uzembe huu zaidi ya ujinga wa mtu mmoja mmoja.

Sheria haikosekani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaostahili, ya kupewa taarifa, na ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro za huduma. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 inakwenda mbali zaidi: ina sehemu nzima kuhusu matengenezo ya magari, inayogusa makadirio ya gharama, idhini ya mteja kabla ya kazi kuanza, na kurudishiwa spea zilizotolewa. Kinachokosekana ni mtu wa kuisimamia mtaani Ukunda, ambako makadirio hutolewa kwa mdomo huku boneti imefunguliwa.

Athari za kubahatisha huku hazilingani kwa wote. Gari la hoteli likikwama, hoteli hutuma jingine. Matatu ikikwama baina ya Gazi na Msambweni usiku, abiria wake wamo gizani. Anayempeleka mzazi katika hospitali ya rufaa ya Msambweni kutoka vijiji vya Lunga Lunga hana gari la akiba, na fedha alizokuwa nazo za tairi zilishakwenda kwenye koili tatu ambazo zilikuwa nzima. Kisha gereji zenyewe zinapoteza: barabara ya Dongo Kundu imeondoa kikwazo cha feri kwa anayetaka kulipeleka gari lake Mombasa, na wenye magari mapya wameshaanza kupiga hesabu.

Maombi kwa wenye gereji ni haya:

Kwanza, msimbo na kumbukumbu ya hali yake viandikwe kwenye karatasi, au vipigwe picha na kutumwa kwa simu ya mwenye gari, kabla ya kufutwa. Pili, spea yoyote isibadilishwe mpaka fundi ataje kipimo kilichoihukumu: "koili ilihamishwa silinda ya 3 na kosa likahama nayo" ni jibu, "kompyuta imesema" si jibu. Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, ada ya kupima itangazwe ukutani, ilipwe peke yake, hata mteja asiponunua kitu. Mteja atalalamika miezi ya kwanza. Akishaona ada hiyo imemwepusha na spea ya bure, atazoea. Nne, spea kuukuu irudishwe kwa mwenyewe, katalisti ikiwa ya kwanza. Tano, gari lililong'olewa thamosteti lirudishiwe, na chanzo cha kuchemka kitafutwe.

Wawakilishi wadi wanaombwa mambo matatu. Leseni ya biashara hutozwa chini ya Sheria ya Fedha ambayo Bunge la Kaunti huipitisha, na udhibiti wa biashara pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini ni mamlaka ya kaunti kwa Jedwali la Nne la Katiba. Kwa hiyo gereji inayojitangaza kupima kwa kompyuta iwe na daraja lake la leseni, lenye masharti ya chini kabisa: makadirio ya maandishi, ada ya kupima iliyobandikwa, na fundi mmoja angalau mwenye cheti cha majaribio ya ufundi cha NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwanda. Kwa mafundi wa jua kali walioiva kazini bila shule, utaratibu wa taifa wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini utumike, na kaunti ilipie ada zao kwa mwaka wa kwanza; kuwafungia gereji kwa kukosa karatasi kungeua kazi nzuri pamoja na mbaya.

Ombi la pili ni chumba kimoja cha vifaa vya pamoja Ukunda na kingine Msambweni, ndani ya chuo cha ufundi cha kaunti kilicho karibu. Geji ya presha ya petroli, kipima mgandamizo wa silinda, mashine ya moshi ya kutafutia uvujaji wa hewa, na skana inayosoma ABS na mifuko ya hewa ni vifaa ambavyo gereji moja haiwezi kuvinunua vyote, lakini gereji kumi zinaweza kuvikodi kwa saa. Walimu wapo. Mgodi wa Base Titanium wa hapa Kwale ulipomaliza uchimbaji Desemba 2024, miongoni mwa walioachwa bila ajira ni mafundi wa mitambo mizito, watu ambao kazi yao ilikuwa kutafuta kosa kabla ya kufungua kitu.

La tatu ni mahali pa kulalamikia. Ofisi ya biashara ya kaunti ndogo, Msambweni na Matuga kwa kuanzia, ipokee malalamiko ya ukarabati yenye makadirio na risiti, na isikilize pande zote mbili ndani ya siku 14. Gereji inayoshindwa kuonyesha kipimo kilichohukumu spea irudishe fedha za spea hiyo. Inayoonyesha, mteja alipe bila ubishi.

Jibu la maandishi kutoka kwa Bunge la Kaunti linasubiriwa kabla ya mswada ujao wa fedha kufikishwa mezani, na wenye gereji walio tayari kubandika ada ya kupima wanaweza kuanza hata kesho.

Wasalaam,

Mwenye gari, Ukunda

Nakala: Idara ya Biashara, Serikali ya Kaunti ya Kwale; NITA, Mombasa; vyama vya jua kali vya Ukunda na Msambweni.